Nilivyoimarisha jengo letu dhidi ya mlipuko

Mwenye jengo la ofisi la ghorofa mbili huko Upanga aliponiita, alikuwa ameshaamua anachokitaka: ukuta mnene wa zege na geti zito. Sikumshangaa. Sisi tuliokuwapo Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, gari lenye mabomu lilipolipuka nje ya ubalozi wa Marekani na kuua watu 11, na waliopata taharuki ya milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anaomba kinga.

Nilimshauri fedha yake ianzie kwenye umbali, kisha ifuate vioo. Nguvu ya mlipuko hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali nao, ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1999 ilitaka balozi zake mpya zikae walau mita 30 kutoka mpaka wa kiwanja. Kiwanja chetu kilikuwa na mita 6 tu, na hizo zilikuwa zimejaa magari ya wafanyakazi. Tulikodi eneo la jirani kwa ajili ya maegesho, tukasimika mbele nguzo za chuma zilizojazwa zege, na kazi hiyo ikaisha bila tatizo kubwa.

Vioo ndivyo vilivyonitoa jasho. Siku ile ile ya 1998 jijini Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani nao ulilipuliwa, watu wengi walipoteza macho kwa sababu walikimbilia madirishani baada ya kusikia mshindo wa kwanza, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo. Kwa kuwa hatukumudu kubadilisha vioo vyote viwe vya tabaka mbili vilivyoshikanishwa kwa plastiki, nilichagua kubandika utando mnene kwa ndani, ambao fundi aliuita "tinti ya wanene". Kabla ya kuendelea, niliomba dirisha moja lililokwisha kubandikwa litolewe uani, tukalipiga kwa nyundo ya mawe. Kioo kilipasuka bila kutawanyika, lakini kilichomoka kwenye fremu ya alumini na kuanguka chini kikiwa kipande kimoja.

"Injinia, kimetoka kama trei ya sambusa," alisema fundi.

Kosa lilikuwa langu, kwani mchoro wangu uliishia kwenye kioo na kusahau fremu. Tuliushikiza utando kwenye fremu kwa silikoni nzito pande zote nne, kisha tukagundua kuwa skrubu za fremu zenyewe ziliingia kwenye plasta tu. Tulizing'oa zote na kuweka bolti ndefu zinazofika kwenye linta na nguzo, jambo lililotuongezea wiki tatu na maneno makali kutoka kwa mwenye mali.

Jumatatu ya kwanza baada ya makabidhiano, yeye mwenyewe aliegesha gari lake chini ya dirisha la mapokezi.

"Shikamoo mzee," mlinzi alimwambia, "samahani, hapa hapaegeshwi."

Alinitazama, akaliondoa.