Celica ya Voi

Mjomba alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Aliishonea kifuko cha kanga ili isikwaruze rangi ya gari la mtu. Sumaku hiyo, bisibisi, tochi, uzi wa cherehani na mkeka mkuukuu wa kulalia chini ya magari ndivyo vitu alivyotoka navyo nyumbani kwake Magongo asubuhi ile ya mwaka 2011, tulipokwenda Ukunda kutazama gari la kwanza. Mimi nilikuwa na shilingi elfu hamsini za arubuni mfukoni, na picha moja kichwani.

Picha hiyo niliikata gazetini mwaka 1994, nikiwa na miaka kumi, nikaibandika ukutani kwa uji wa unga wa ngano. Pasaka ile Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alikuwa ameshinda Safari Rally kwa Toyota Celica. Gari jeupe lenye mistari ya kijani na nyekundu, ngao ya vyuma mbele, na bomba la kuvutia hewa limepanda kando ya kioo ili injini isinywe maji mtoni. Watoto wenzangu walijua wachezaji wa mpira. Mimi nilijua kwamba Waldegård alishinda na Celica mwaka 1990, Sainz mwaka 1992, na kwamba mwaka 1993 Kankkunen alipofika wa kwanza, Toyota tatu nyingine zilimfuata nyuma, nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Mvua ya masika ilipovuja ukutani picha ikaharibika, lakini nilikuwa nimeshaihifadhi kichwani.

Nilipokua, riziki yangu ikawa magari, ila ya karatasi. Nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila gari lililoshuka melini lilipita mezani kwangu likiwa namba ya chesisi na namba ya injini: Probox, Fielder, Vitz, siku nzima. Celica hata moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na GT-Four niliyoitaka, Celica ya turbo inayovuta tairi zote nne, ile yenye chesisi ya ST185 kama iliyoshinda Safari, ilitengenezwa kati ya 1989 na 1993. Mtu mwenye kuitaka hakuwa na pa kuiagiza. Ilibidi atafute zile chache zilizoingia zamani, kila moja imeshapita mikono mitatu au minne.

Ya Ukunda ilikuwa nyekundu, imeoshwa, imeegeshwa chini ya mwembe. Niliiona tangu barabarani na miguu ikawa myepesi. Ilikuwa GT-Four kweli: tundu la hewa juu ya boneti, kipoza hewa cha turbo chini yake, na nyuma difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu. Mwenyewe alitaka shilingi 550,000. Kama ningekuwa peke yangu, zile elfu hamsini zingetoka mfukoni kabla sijaambiwa karibu.

Mjomba hakuitazama boneti. Alianza na tairi. Alizungusha uzi kwenye tairi la kwanza, akafunga fundo, akaenda la pili, la tatu, la nne. Mafundo hayakukutana. Tairi za mbele zilikuwa za kampuni moja, moja ya nyuma kipara, na nyingine mpya kabisa.

“Gari hili linavuta miguu yote minne wakati wote,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Tairi moja ikiwa nene kuliko mwenzake, kila mzunguko kuna ugomvi ndani, kwenye difu ya katikati. Ugomvi huo unakuwa joto, na joto linaila.”

Kisha akatandika mkeka, akaingia chini. Nilisikia bisibisi ikigonga chuma, tk, tk, tk, halafu sauti ikabadilika ikawa ya mtu anayetoboa boksi la karatasi. Akatoka na vumbi la kutu kifuani.

“Bwana,” akamuuliza mwenye gari, “kazi yako iko upande gani?”

“Mjini. Navuka kila siku.”

“Tangu lini?”

“Mwaka wa sita huu.”

Mjomba akaanza kukunja mkeka. Aliyevuka Likoni kwa gari anajua: maji yakijaa, bahari hupanda hadi kwenye njia ya kuingilia feri, na magari hupita mle mle, maji ya chumvi yanaruka mpaka tumboni. Kwenda na kurudi, miaka sita. Juu rangi ilikuwa mpya. Sumaku ilipopitishwa kwenye fenda za nyuma ilianguka kama imewekwa juu ya mbao, kwa sababu chini ya rangi palikuwa na pati ya kuzibia mashimo, si bati.

Ndani ya feri tulivyorudi nilibishana naye. Nilisema kutu inakatwa, bati linachomelewa, mafundi wa bodi wamejaa Mombasa. Nilisema ni ST185, Mjomba, ST185 yenyewe. Aliniacha nimalize.

“Bodi ni nyumba, mwanangu. Injini ni mpangaji. Huyu akihama utamleta mwingine. Nyumba ikioza?”

Sikumjibu. Nilinuna mpaka Ijumaa.

Wiki tatu baadaye dalali mmoja alinipigia simu. GT-Four nyingine ipo Voi, ya mwalimu wa sekondari, mwaka 1991, nyeupe, shilingi 420,000. Nyeupe! Alinitumia nakala ya logbuku kwa basi, nikaipeleka KRA, mamlaka ya kodi iliyosajili magari wakati ule, kufanyiwa upekuzi: haina deni la benki, haina kesi, jina ni la mwalimu. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa shati, na kwa siku nne nilikuwa nikiitoa na kuisoma kazini, kwenye matatu, kitandani. Voi ni nchi kavu, nilimwambia Mjomba. Hakuna bahari wala feri, ni vumbi jekundu tu. Akakubali kwenda.

Gari lilikuwa chini ya banda la makuti lililojengwa kwa ajili yake. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi, na mkewe alikuwa ametuandalia chai na mahamri. Kando ya buti palikuwa na kibandiko cha GT-FOUR, na juu ya boneti tundu la hewa. Mwalimu akabonyeza swichi ya taa. Taa za Celica za miaka ile hulala ndani ya boneti na kuchomoza zikiwashwa. Ya kulia ikapanda vizuri, ya kushoto ikasitasita, ikafuata.

“Ina uvivu kidogo,” akasema, kama anayemwombea mtoto radhi.

Alituambia kwamba mwaka 1994 na yeye alikuwa kando ya redio. Aliwataja washindi wale wale niliowataja mimi, kwa miaka ile ile, tukawa tunamaliziana sentensi. Mjomba alikunywa chai yake polepole, akashukuru, akatandika mkeka.

Sumaku iling'ang'ania kila mahali. Bisibisi iligonga na kugonga na sauti haikubadilika. Nilikuwa nimechuchumaa kando, nikifurahi, nilipoona tochi yake imesimama sehemu moja, nyuma, katikati ya magurudumu mawili. Ilisimama muda mrefu. Ikarudi mbele taratibu ikifuata tumbo la gari, ikarudi tena nyuma.

“Mwanangu,” akaita. “Njoo ulale hapa.”

Nikalala. Akamulika. Hapakuwa na difu. Hapakuwa na shafti ya kutoka kwenye gia kwenda nyuma. Palikuwa na tangi la mafuta, ekzosi, na sakafu safi, kavu, yenye vumbi jekundu.

“Hii inavuta mbele tu,” akasema kwa kunong'ona. “Ile karatasi unayo?”

Niliitoa mfukoni nikiwa bado chali, karatasi imeshalainika kwa kukunjwa. Namba ya chesisi ilianza na ST182. Ilikuwa imeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi ambaye nilisoma namba za chesisi kwa mshahara, ambaye ningeweza kukuambia gari ni la aina gani kwa namba hiyo tu, nilikuwa nimeisoma karatasi ile labda mara thelathini na sikuiona. Macho yangu yalifika kwenye namba hiyo na kuipita, kwa sababu yalijua yakisimama pale gari litaondoka. Sijawahi kuipata hofu kama ile, si ya kutapeliwa, ni ya kujua kwamba ninaweza kulifanya jambo hilo tena.

Tukafungua boneti. Tundu la hewa lilikuwa limezibwa kwa ndani kwa kipande cha bati. Turbo haikuwepo. Injini ilikuwa 3S-GE, lita mbili, ya kuvuta hewa ya kawaida. Mtu fulani zamani alitafuta boneti ya GT-Four, akaifunga, akabandika kibandiko, akaongeza bei.

Nilidhani mwalimu anajua. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika. Lakini Mjomba alimwendea, akamwambia, “Mwalimu, samahani, naomba na wewe uone,” na mwalimu akapiga magoti na shati lake la pasi akachungulia. Alikaa hivyo. Aliposimama magoti yalikuwa mekundu kwa udongo na hakuyapangusa.

“Miaka saba,” akasema. “Nililinunua Nairobi. Nililipa bei ya GT-Four.” Kisha, baada ya muda: “Nimewaambia wanafunzi wangu wote.”

Fundi wake wa pale mjini alikuwa amebadilisha oili ya gari lile miaka yote hiyo. Ama hakujua, ama alijua akamhurumia. Nilimtazama mwalimu na hasira ikaisha. Picha yake na yangu zilikuwa zimebandikwa ukuta mmoja.

Nilitaka tuage tuondoke. Mjomba ndiye aliyeomba ufunguo. Aliliwasha, akasikiliza likiwa baridi, akafungua kifuniko cha oili akapitisha kidole chini yake, akatazama maji ya radieta kama yana mafuta, akalizungusha mpaka barabara kuu na kurudi. Kisha akanivuta kando, nyuma ya banda.

“Sikiliza. Si lile unalolitaka. Lakini mimi nimekaa na magari miaka arobaini, na bodi kama hii ya mwaka 91 pwani yetu huipati. Injini ni ukoo mmoja na za Carina na Corona, chujio na vidude vidogo vidogo haviwezi kutushinda. Haina turbo ya kufa. Haina difu ya katikati ya kugombana. Mkanda wa taimingi tutabadilisha kesho kutwa kabla hujalitembeza, maana injini hii mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Lakini usilinunue kwa kunisikiliza mimi. Jiulize kama utalipenda bila lile jina.”

Nikarudi nikaketi kwenye kiti cha dereva. Kiti kiko chini, miguu imenyooka mbele, usukani uko karibu na kifua, na dashibodi imekuzunguka. Nikalipeleka mwenyewe barabarani. Gia ya pili, ya tatu. Likipita mizunguko elfu nne sauti inabadilika, inakaza, na gari linakuwa jepesi mikononi. Nilikwenda kilomita tano hivi na nilipogeuza nilitambua kwamba tangu nilipotoka langoni sikuwa nimemfikiria Ian Duncan.

Sikujua namna ya kumtajia mwalimu bei. Ni yeye aliyesema, “Siwezi kukuuzia kwa ile ya kwanza.” Tukakubaliana shilingi 290,000. Ningeweza kushusha zaidi, na hadi leo nafurahi kwamba sikujaribu. Mkataba tuliuandika kwa mkono kwenye karatasi ya mitihani, mashahidi Mjomba na mkewe mwalimu, na mahali pa aina ya gari mwalimu mwenyewe aliandika, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: Toyota Celica ST182.

Tuliondoka saa tisa alasiri, dirisha wazi, malori ya Mombasa mbele na nyuma. Mackinnon Road tulisimama msikitini kwa Sayyid Baghali, kama wafanyavyo wasafiri wengi, tukaswali Alasiri. Mjomba alibaki kidogo ndani kwa nyiradi zake. Mimi nilikwenda nyuma ya gari na kitambulisho changu, nikaanza kukwangua kile kibandiko kwa ukingo wake. Kazi yangu ni karatasi, na siwezi kukaa na maandishi yanayopingana na chesisi. Jua lilikuwa limekilainisha, kikatoka vipande vipande, chini yake rangi nyeupe mpya ya mwaka 1991. Mjomba alinikuta namalizia herufi ya mwisho. Hakusema kitu, alinipa maji ninawe mikono.

Giza lilitukuta karibu na Mariakani. Nikabonyeza swichi. Taa ya kulia ikapanda, ya kushoto ikakataa kabisa. Nikaegesha kando, malori yakipita na kututikisa. Mjomba akashuka na tochi, akafungua boneti, akatafuta kile kifundo cha mpira kilicho juu ya mota ya taa, akaanza kukizungusha kwa vidole. Nilimwona kupitia mwanya, uso wake umemulikwa kwa chini, anahesabu mizunguko. Taa ikainuka kidogo kidogo mpaka ikanitazama sawasawa.

“Acha ikae hivyo mpaka nyumbani,” akasema, akafunga boneti kwa viganja viwili.