Usiku wa Tanuru la Chokaa

Chama chetu cha kuhifadhi historia ya mji wa Pangani kilikuwa na mhuri, katiba, na daftari kubwa la muhtasari ambalo mimi, katibu, ndiye niliyelibeba. Kazi ndiyo haikuwepo. Jumamosi baada ya Alasiri tulikutana barazani kwa mjumbe mmoja, tukanywa kahawa na kashata, tukazirudia habari za Abushiri bin Salim: jinsi watu wa mwambao walivyoikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, na jinsi yeye alivyonyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na nakala ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Alipenda kutusomea kwamba jengo lililojengwa kabla ya 1863 lina ulinzi wa sheria, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao haufai kuchezewa. Tukaitikia. Huku nyuma kila masika ilikuwa ikiondoka na kipande cha ukuta wa mtu.

Kilichotutoa barazani ni nyumba ya bibi mmoja mjane. Ukuta wake wa upande wa mto ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na watu waliokuja kumsaidia kwa nia njema kabisa. Haikuchukua muda, lipu ikavimba, ikaanza kudondoka mapande mapande, na kila pande likaondoka na ngozi ya jiwe. Tukaandika barua kwenye ofisi inayohusika. Jibu likaja: leteni uthibitisho wa umri wa nyumba.

"Uthibitisho wa nini tena?" Bibi akauliza. "Mimi nimezaliwa chumba hicho, na mama yangu kazaliwa hicho hicho. Waje wanitazame."

Hapo ndipo mtu akamkumbuka fundi mmoja mzee wa Bweni, ng'ambo ya mto, aliyewahi kuchoma chokaa ujanani. Akavuka na pantoni, kofia kichwani, viatu mkononi. Hakutaka kahawa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akabandua kipande, akakilamba.

"Chumvi," akasema. "Saruji imeifungia ndani."

Akatueleza kwa maneno machache kuliko hotuba yoyote ya chama chetu. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, utake usitake. Chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji huyazuia, basi maji na chumvi yake hubaki kulila jiwe kwa ndani. Dawa ni kubandua yote na kupiga lipu upya kwa chokaa ya kuchoma.

Mwenyekiti aliposikia kwamba mzee amekata mkonge kwenye shamba la Kikogwe, akafurahi, akaanza kumsimulia jinsi mkonge ulivyoingia nchini mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alivyoagiza miche elfu moja kutoka Florida ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Mimi naujua huo wa kukata, mwalimu. Huo wa kuletwa sikuwepo."

Tanuru tulilijenga kwake Bweni, mbali na nyumba za watu. Kuvunja matumbawe baharini ni marufuku, na mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo tulitumia mawe ya kuchimbwa nchi kavu na magogo ya minazi mikongwe iliyokwisha kuzaa. Magogo yalipangwa duara, vichwa vikitazama katikati, na katikati pakaachwa shimo. Juu yake mawe: makubwa chini, madogo juu, kila moja mzee akiligeuzageuza mkononi kabla ya kuliweka. Mengine aliyatupa pembeni. Nilipouliza kwa nini, akasema hayo yana udongo. Mimi nikaandika: yana udongo.

"We katibu, unaandika nini na hujabeba hata jiwe moja?"

Daftari likaenda juu ya mnazi uliolala.

Baada ya Isha shimo likajazwa makumbi na makuti, mzee akapiga bismillahi, akatia moto. Nilidhani nitaona moto wa kawaida tu. Ulipokolea ulivuma kwa sauti nzito iliyotoka chini ya mawe, na mawe yenyewe yakaanza kualika, moja huku, jingine kule. Watu wa Bweni wakaja na mikeka. Kina mama wakaleta mihogo. Mwenyekiti alilala mapema. Mzee hakukaa chini. Alizunguka tanuru na fimbo yake, na kila nilipofungua mdomo alininyamazisha kwa mkono, maana alikuwa akisikiliza. Moshi ulianza mweusi. Kulipokaribia kupambazuka ukawa mwembamba, karibu hauonekani, naye kwa mara ya kwanza akaomba chai.

Tuliliacha lipoe kwa siku kadhaa. Mawe yalitoka meupe, mepesi kama mkate mkavu. Mzee akajipaka mafuta ya nazi mikononi, akatuamuru tusogee na tufumbe macho akisema, kisha akamwagia maji jiwe moja. Kwanza kimya. Halafu likachachatika, likatoa mvuke, likapasuka lenyewe na kuwa unga wa moto. Mjumbe mmoja msomi akasema hiyo ni kemia. Mzee akamwambia alete maji zaidi.

Tulichekecha, tukaitia chokaa kwenye shimo ikae na maji kabla ya kuchanganywa na mchanga usio na chumvi. Habari zikavuka mto kabla yetu. Siku ya pili yake pantoni ikaleta watu na ndoo: huyu ana ukuta wa msalani, yule kaburi la baba yake, mwingine ngazi ya msikiti. Mwenyekiti akanivuta kando tupange bei kwa ndoo, chama kipate mfuko. Tulipogeuka, mzee alikuwa ameshawajazia.

"Wapimie wewe," akaniambia, akinipa koleo. "Ukuta wa Bibi utabaki na yake. Na andika kila aliyechukua, tanuru lijalo waje na magogo."

Nikalifungua daftari ukurasa mpya, nikaandika majina.