Chumvi Imo Ndani ya Gogo: Siku Yangu Moja Likoni

Saa 11 alfajiri

Nikishaswali hutoka uani, taa sijaiwasha, nikaanza kunusa mapipa. Yako matatu, ya lita 200 kila moja, yamepangwa chini ya mchirizi wa mabati. Gogo linaloendelea vizuri hunukia kama mti ulionyeshewa mvua. Linalooza ndani hunuka yai viza, na harufu hiyo alfajiri haijifichi, kwa kuwa majiko ya majirani hayajaanza kufuka moshi. Leo mapipa yote matatu yamenukia vyema. Nimefurahi, maana la katikati ndilo lenye gogo aliloniagiza daktari mmoja wa meno.

Kazi yangu ni kuokota magogo yaliyotupwa na bahari na kuyatayarisha yawekwe ndani ya matangi ya samaki wa mapambo, yale ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Wanaofuga samaki majumbani wanajua thamani yake. Samaki mwoga akipata pango la kujificha hutulia, rangi yake ikarudi. Mimea hushika mizizi juu ya gogo. Na pleko, yule samaki mwenye mdomo wa kufyonza, hukwaruza mti usiku kucha. Ila gogo lililolala baharini haliwi la tangi kwa kuoshwa na kuanikwa siku mbili. Nasema hivi kwa sababu kila wiki napata mtu aliyefanya hivyo, samaki wake wakadhurika, akaja kuniuliza kosa liko wapi.

Saa 12 asubuhi

Ufuo wa Shelly, hapa hapa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Tuko katika bamvua, maji yalijaa pomoni kwenye saa 10 usiku na sasa yanapwa. Huu ndio wakati wangu. Maji ya bamvua hupanda juu kuliko siku nyingine, huyabeba magogo na kuyaacha kwenye mstari wa mwani, nami hupita kabla ya waokota kuni. Msimu wa kusi ndio wenye neema. Kaskazi bahari hutulia, nikapata vijiti tu.

Nimemkuta babu mmoja wa ngalawa akikunja nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo kuna mkoko mzuri kule mbele, mizizi yake kama mkono wa mtu. Nimeusogeza juu usirudi majini."

Mungu amlipe. Kweli ulikuwa mkoko, kipande cha mizizi ya juu iliyopindapinda, kigumu, kizito, umekufa zamani maana gome lote limetoka. Mkoko ulio hai siukati. Kuukata bila kibali ni kosa, na hata kama ungeruhusiwa, mti mbichi una utomvu na hufanya ukungu mwingi. Huu bahari imeshaumaliza kazi nusu. Niliubonyeza kwa ukucha, haukuingia. Niliugonga kwa jiwe, ukalia kavu. Ungelia bubu ningeujua umeoza moyo.

Niliyoyaacha ni mengi kuliko niliyoyachukua. Mnazi siuchukui, ni nyuzi tupu, ndani ya tangi hufumuka ukawa matope. Mwarobaini hapana: mti ambao majani yake tunafukuzia wadudu sitaupeleka kwa kamba wadogo na konokono. Mkanju una utomvu unaobabua ngozi. Jamii ya mnyaa naiogopa kabisa, maziwa yake yanajulikana kwa kuua samaki. Na vipande vilivyonyooka, vyenye kona za msumeno na rangi ya kijani kijani, hivyo ni mbao za kukingia shehena melini au nguzo zilizotiwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, na shaba hata chembe huua kamba na konokono. Mbao ya namna hiyo hata kuichoma jikoni siichomi.

Watu huniuliza kwa nini sivuki kwenda Nyali na Bamburi, ufuo ni mrefu zaidi. Kule ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na mahali palipohifadhiwa siokoti kitu. Upande wa Makupa nao siuendei kwa sababu nyingine: miaka ya taka za jalala la zamani la Kibarani na mafuta ya vyombo. Gogo likishanyonya mafuta haliponi. Litachemshwa, litasuguliwa, na siku ukilitia tangini utando wa rangi za upinde utapanda juu ya maji.

Saa 2

Mahamri na mbaazi za mama. Chai mbili.

Saa 2 na nusu

Hapa ndipo mikono inapochoka. Gogo la babu lina chaza wadogo na magamba makali kama wembe, lazima yabanduliwe kwa patasi. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa gredi ya nane, yuko likizo na amejifunza kazi hii haraka kuliko nilivyojifunza mimi.

"Shangazi, matundu haya ni ya nini?"

Nilimwonyesha. Matundu ya mviringo, saizi ya kidole cha mwisho, yamekwenda ndani na kujikunja. Ni ya mdudu wa baharini anayetoboa mbao, yule yule aliyewafanya mafundi wa majahazi tangu zama kupaka chombo deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili asipate njia. Ana mwili kama mnyoo lakini ni ndugu wa chaza. Anapochimba, hupaka ukuta wa shimo lake chokaa nyeupe, laini kama ndani ya gamba. Mambo mawili hutokea gogo kama hilo likiingia tangini. Chokaa huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Na kama mdudu alikufia ndani, nyama yake huoza, na uozo huo hutoa amonia inayochoma mashavu ya samaki.

Kwa hiyo tunatoboa kila tundu kwa spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, tunagonga, tunatia maji kwa bomba la sindano mpaka yatoke safi. Kisha tone la siki. Ikifanya povu, chokaa bado ipo. Kijana alipoona povu la kwanza alicheka kwa furaha, akaendelea tundu baada ya tundu, mimi nikabaki na brashi ya waya. Sehemu zilizolegea nimezikata zote. Gogo liliingia uani na kilo 9, limebaki na kama 6, na limependeza zaidi.

Msasa situmii. Ukilisugua gogo likawa laini kama mguu wa kiti, mimea haitashika na uso wake utakuwa umekwenda.

Saa 4

Nusu pipa juu ya mafiga, kuni za mvinje chini. Kuchemsha kunaua mayai ya wadudu na kuvu, na joto huufungua mti ukaanza kutema. Saa mbili mpaka tatu za kuchemka, maji yakigeuka rangi ya chai ya mkandaa nayamwaga, natia mapya. Rangi hiyo ni tanini, ile ile iliyofanya magome ya mikoko yatafutwe kwa kulainishia ngozi na kutia rangi nyavu. Haimdhuru samaki, wako wanaotoka mito yenye maji meusi wanaipenda. Gogo lisiloingia piponi namwagia maji yanayochemka upande mmoja baada ya mwingine. Chungu kisifunikwe kikabanwa, na watoto wakae mbali.

Jiki siitii, ingawa wengi huitia. Mti ni sifongo: kinachoingia leo hutoka mwezi ujao ndani ya nyumba ya mtu.

Saa 4 na nusu

Nikamwachia kijana moto, nikaenda kwenye pipa la katikati na kalamu ya kupimia chumvi, kipimo kidogo cha umeme kinachosoma miligramu za chumvi kwa kila lita.

Nieleze hesabu, kwa sababu kazi yote iko hapa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Gogo lililoelea miezi limekunywa maji hayo mpaka moyoni. Ukilianika, maji hutoka kama mvuke, chumvi hubaki ndani. Juu utalamba usisikie kitu. Ndani ya tangi ndipo itakapoanza kutoka, taratibu, kwa wiki nyingi.

Maji ya kisima chetu Likoni nayo ni ya chumvichumvi. Kalamu husoma 1,900. Ni mabaya kwa kunywa, lakini kwa gogo jipya yanafaa, maana yana chumvi kidogo sana ukilinganisha na bahari. Kwa hiyo wiki za kwanza nabadilisha maji ya kisima kila siku ya pili au ya tatu, bila gharama. Yakifika mahali ambapo gogo haliongezi kitu, nahamia maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Ukiishia kwenye kisima utadhani umemaliza, kumbe gogo limelingana na kisima tu.

Mtihani wa mwisho ni huu: maji ya mvua mapya, pima, funika siku mbili, pima tena. Juzi pipa lilisoma 22. Gogo langu likipandisha kwa 20 au 30, naliruhusu. Leo kalamu ilisoma 140.

Nilipima mara tatu. Nikaifuta kalamu, nikapima maji ya mvua kwenye ndoo nyingine, 21. Kalamu ni nzima. Gogo ndilo halijawa tayari, na limeshakaa wiki ya kumi na moja.

Miaka mitatu nyuma ningelipeleka hivyo hivyo. Nililipeleka moja kwa mama mmoja wa Kizingo aliyekuwa na samaki aina ya neoni kwenye tangi la lita 60. Alinilipa, akanishukuru, na baada ya siku kumi akanipigia simu akilia. Majani yalikuwa yameyeyuka na samaki walikuwa juu ya maji wakihema. Neoni ni samaki wa maji laini ya Amazon. Samaki wengine, kama gapi au moli, wangevumilia. Nilimrudishia fedha zake. Wale samaki sikuweza kumrudishia. Ndiyo maana nikanunua kalamu.

Saa 5 na nusu

Feri. Nimebeba gogo dogo la mvinje, lililofaulu wiki iliyopita, limefungwa kwa gunia lililolowa maji. Likikauka litaelea tena. Watu wa feri wamezoea kuniona. Mmoja alinipisha nikae kando ya ukuta gunia lisikanyagwe.

Saa 6 na nusu mchana

Kliniki ya meno, upande wa Ganjoni. Tangi la lita 240 liko mbele ya viti vya kungojea, na daktari alitaka gogo kubwa lijae upande mmoja.

"Dada, ndilo hilo?"

"Silo, daktari. Lile bado linatoa chumvi. Hili ni la kutangulia."

Uso ulimwanguka. Alisema nilitie tu, yeye atabadilisha maji kila wiki. Nikamwambia: daktari, jino lenye usaha wewe unaliziba? Alinyamaza, kisha akavuta kiti akakaa kunitazama nikifanya kazi.

Nililikalisha gogo la mvinje juu ya kigae kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu, kigae nikakifukia mchangani. Nikafunga anubiasi mbili kwa uzi mweusi. Mmea huu ni wa kwetu Afrika, wa magharibi na kati, na shina lake linalotambaa halizikwi, likizikwa linaoza. Nilimwonya kwamba baada ya wiki moja au mbili gogo litaota utando mweupe kama makamasi. Wengi hapo hushtuka wakatoa kila kitu. Ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti, haina madhara, konokono watailamba mpaka iishe. Akiuchukia atoe gogo alisugue kwa brashi ya meno, na brashi anazo nyingi. Maji yakiwa ya manjano aweke mkaa maalumu wa kuchujia.

Kabla sijaondoka, mtoto aliyekuwa akingoja zamu na shavu limevimba alikuja akabandika paji la uso kwenye kioo. Samaki mmoja alikuwa ameshaingia chini ya tawi la gogo. Mtoto alimtazama mpaka akaitwa jina mara mbili.

Saa 10 jioni

Nyumbani. Kijana amemwaga maji ya chai mara mbili bila kukumbushwa, gogo la babu limelala kisimani, yaani kwenye pipa la maji ya kisima, na jiwe juu yake. Ameandika tarehe kwa chaki ubavuni mwa pipa. Nilimpa nauli ya kwenda kucheza mpira na kidogo juu yake.

Pipa la daktari nililimwaga lote, maji 140 yakaenda kwenye minazi. Tangi la mvua lilikuwa robo. Nilitia ndoo tano, yakafunika gogo nusu, nikaligeuza upande uliokuwa juu uwe chini.

Saa 3 usiku

Mama ndiye aliyesikia kwanza. "Mvua hiyo." Manyunyu ya kusi, yakaongezeka, mabati yakaanza kulia. Nilitoka na kanga kichwani, nikaacha maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa, nikahesabu polepole mpaka mia mbili, kisha nikauelekeza mchirizi ndani ya pipa la katikati.