Ooty kwa anayetoka Dodoma: panda na treni, lala Coonoor

Watu wengi wa huku kwetu wanaofika kusini mwa India hawakwenda kutalii. Wamemsindikiza mgonjwa Chennai au Vellore, wamekwenda kumwona mtoto anayesoma Bengaluru, au wamefuata mzigo wa nguo Tiruppur. Halafu zinabaki siku nne tano za kusubiri majibu au kontena, joto la bondeni linachosha, na mwenye nyumba ya wageni anasema: nendeni Ooty.

Nendeni kweli, ila msiende kama wanavyokwenda wengi, yaani kwa teksi ya asubuhi, kuzunguka vituo vinane vya picha na kurudi usiku. Safari ya namna hiyo ni kona na foleni tu. Kwa mapumziko, tenga angalau siku tatu za kulala kulekule, chagua mji mmoja, na uhesabu njia ya kupanda kuwa nusu ya starehe yenyewe.

Ooty, ambao kiserikali unaitwa Udhagamandalam, uko kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu, takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Dodoma ni mita 1,100 na ushei, kwa hiyo ni kama mara mbili ya tulipo. Waingereza waliufanya mji wa kukimbilia joto tangu miaka ya 1820, na ziwa lake lilitengenezwa wakati wa John Sullivan, mtawala wa Coimbatore. Siku hizi katikati ya mji kuna honi na msongamano, hasa Aprili na Mei shule za India zikifungwa. Ndiyo maana napendekeza kulala Coonoor, karibu mita 1,850, kilomita 19 kabla ya kufika Ooty kwa reli. Hapo baridi ni ya kuvumilika, mashamba ya chai yanaanzia mlangoni, na Ooty unakwenda asubuhi unarudi jioni. Kotagiri, mji mwingine wa milima hiyohiyo, ni mtulivu zaidi, ila hauna reli.

Viza huhitaji kuifuata Dar. Inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in, na ni vizuri kuiandika hiyo anwani kwa mkono, maana tovuti za mawakala zinazofanana nayo ni nyingi na zinatoza zaidi. Kinachowakwamisha watu wetu mara nyingi ni picha. Studio zetu zimezoea picha ya pasipoti yenye bluu nyuma, wakati mfumo wa India unataka nyuma nyeupe na picha ya mraba. Mwambie mpiga picha mapema, na akupe faili, si karatasi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Kadi ya njano nayo iwe mkononi, hasa kama ndege inapitia Addis Ababa au Nairobi, kwa kuwa India ni wakali kuhusu homa ya manjano na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Kuhusu ndege, Air Tanzania inakwenda Mumbai moja kwa moja, na kutoka Mumbai kuna ndege za ndani hadi Coimbatore, uwanja ulio karibu zaidi na milima hiyo. Coimbatore hadi Ooty ni kama kilomita 90.

Sasa treni. Aliyezoea mwendokasi wetu wa kilomita 160 kwa saa ajiandae kisaikolojia: hii inatumia karibu saa tano kwa kilomita 46. Inaondoka Mettupalayam, chini kabisa ya mlima, saa 1:10 asubuhi, na kufika Ooty karibu saa sita mchana. Ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Njiani kuna mahandaki 16 na madaraja 250.

Kipande cha kutazama kwa makini ni Kallar hadi Coonoor. Hapo kila mita 12 za kwenda mbele njia inapanda mita 1, mwinuko ambao magurudumu ya kawaida yangeteleza. Kwa hiyo katikati ya reli mbili kumelazwa vyuma vyenye meno, na chini ya injini ya mvuke kuna gurudumu la meno linalong'ata humo na kujivuta. Injini haiko mbele. Iko nyuma, inasukuma, ili kiungo kikikatika mabehewa yasiporomoke peke yake. Na kila behewa lina mshika breki wake, anayesimama kwenye kibaraza cha mbele akisubiri ishara. Treni husimama vituo vya njiani injini ijazwe maji, na abiria hushuka kunyoosha miguu. Hillgrove kuna nyani wanaojua kabisa mkono uliobeba biskuti. Kuanzia Coonoor injini ya mvuke inatolewa, inafungwa ya dizeli.

Tiketi ndiyo kazi. Zinafunguliwa siku 60 kabla, kwenye IRCTC, mfumo wa tiketi za mtandaoni wa reli za India, na msimu wa Aprili na Mei huisha upesi. Kujisajili IRCTC ukiwa na laini ya Tanzania kunawezekana kwa barua pepe, ila malipo ya kadi za nje hugoma mara kwa mara. Njia ya uhakika ni kwenda na pasipoti kwenye dirisha la tiketi la stesheni kubwa, kama Chennai Central. Ukiona herufi WL kwenye tiketi, huna kiti: uko kwenye foleni, na kwa treni ndogo kama hii foleni haisogei sana. Tiketi ya WL ya mtandaoni isipothibitika hujifuta na pesa hurudishwa. Usipande nayo.

Ukikosa, usikate tamaa. Kati ya Coonoor na Ooty kuna safari kadhaa kwa siku za injini ya dizeli, na tiketi zake zinapatikana dirishani siku hiyohiyo. Unapanda Coonoor kwa basi, halafu unapata saa moja na kitu ya reli kupitia bonde la Ketti. Hukuona meno wala moshi, lakini mandhari umeyaona.

Kwa anayetoka Chennai, treni ya usiku iitwayo Nilagiri Express inaondoka kama saa 3 usiku na kufika Mettupalayam alfajiri, ikiiwahi treni ya mlimani. Wenye mgonjwa Vellore wanaidakia Katpadi, ambayo ndiyo stesheni ya Vellore, karibu saa 5 usiku.

Wanaokwenda kwa gari la kukodi wajue mambo mawili. La kwanza, tangu Mei 2024, kwa amri ya mahakama kuu ya Madras, gari linaloingia Nilgiri lazima liwe na kibali cha mtandaoni, na msimu wa watalii idadi ya magari kwa siku ina kikomo. Kibali ni juu ya dereva, lakini muulize kabla hujatoa pesa ya kianzio, maana mkizuiwa getini mtakaorudishwa ni nyote. Mabasi ya serikali hayahitaji. La pili ni la wanaotokea Bengaluru au Mysuru: barabara inakatiza hifadhi ya Bandipur, na usiku kuanzia saa 3 hadi saa 12 asubuhi hufungwa kwa ajili ya wanyama. Ukichelewa kuondoka Bengaluru, utalala njiani.

Hizo kona zinatapisha hata wazoefu wa Kitonga. Kaa mbele, kula kidogo, tafuna tangawizi. Mfuko wa tahadhari uwe wa karatasi, kwa sababu Nilgiri wamepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa ndogo za maji, na magari hukaguliwa njiani. Sisi tuliozoea marufuku ya mifuko tangu 2019 tusidhani inaishia kwenye mifuko. Beba chupa ya chuma. Mitaani kuna mashine za kujazia maji.

Chumba: uliza kwanza kama wanapokea wageni wa nje. Sheria inawataka waandikishe kila mgeni wa kigeni serikalini ndani ya saa 24, na nyumba ndogo nyingi hukwepa usumbufu huo kwa kukuambia zimejaa. Uliza pia maji ya moto yanatoka saa ngapi, kwa kuwa mengi ni ya asubuhi tu, na kama hita ya chumba inalipiwa kando. Baridi ya Julai ya Dodoma, yenye upepo na jua kali mchana, haifanani na hii. Desemba na Januari usiku wa Ooty hushuka hadi karibu sifuri na nyasi huamka na umande ulioganda. Sweta mbili, soksi nzito na kofia vinatosha. Koti la mvua liongezeke kuanzia Juni. Mvua kubwa ya Oktoba na Novemba ni ya kuogopa zaidi, kwa kuwa udongo huporomoka relini na treni husitishwa kwa siku kadhaa. Miezi ninayoipenda ni Januari na Februari.

Mwenye selimundu asipande bila kuzungumza na daktari: mwinuko na baridi vyote viwili vinaweza kumletea maumivu makali. Vivyo hivyo aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye shida ya moyo au mapafu.

Chakula hakisumbui. Wali upo kila kona, na asubuhi idli (vikeki vya mchele vya mvuke) na dosa (chapati nyembamba za mchele) vinashibisha. Ukiwa upande wa Karnataka ukikumbuka nyumbani, agiza ragi mudde: ni ugali wa ulezi, bonge zima, unamezwa pamoja na mchuzi. Mgogo aliyezoea ugali wa uwele hatapata taabu nao.

Vya kuona, vichache vyatosha. Bustani ya mimea ya Ooty, iliyoanza 1848, inakula nusu siku vizuri. Doddabetta, kilele cha mita 2,637, nenda asubuhi sana au uache. Saa nne ukungu umeshafunika na utalipa kutazama weupe mtupu. Boti za ziwani unaweza kuziruka bila majuto. Shali za Watoda, wenyeji wa milima hiyo, nyekundu na nyeusi juu ya kitambaa cheupe, zigeuze kabla ya kununua: iliyoshonwa kwa mkono inapendeza pande zote mbili, ya kuchapwa imefifia nyuma.

Majani ya chai nunua kiwandani Coonoor, yanafika salama hadi Area D. Chokoleti za Ooty ni habari nyingine. Zinatengenezwa kwa baridi ya kule juu, na Mettupalayam iko mita 330 hivi tu, ambako joto huziyeyusha. Zinunue siku ya kuondoka, zifungie katikati ya sweta ambazo huzihitaji tena, na begi hilo lisikae kwenye buti la gari.