Siku moja maishani mwangu: naiandaa roshani kabla ya majira ya kuchipua

Saa 2 asubuhi. Jua halijafika huku juu, na mikono inauma kwa baridi. Kazi yangu ni kutunza bustani za watu, na leo nina roshani ndogo iliyojaa vyungu. Mimea siigusi kwanza. Naanza na tundu la kutolea maji: majani ya tangu vuli yameoza yakawa tope jeusi. Nalizoa kwa mkono, kisha namwaga ndoo ya maji nione yanaelekea wapi. Shambani maji yakituama, hasara ni yako. Hapa juu ni ya jirani wa chini.

Saa 3. Vyungu vikubwa navivutia ukutani. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo chungu cha lita 50 kilicholowa si cha kubebwa na mtu mmoja, na sakafu ya roshani nayo ina kikomo chake. Ukutani upepo nao umepungua. Vyungu viwili vya udongo wa kuchoma vimepasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu kilichoyafyonza ndicho kinachoumia.

Saa 4. Kuna mmea umenyong'onyea ilhali udongo wake una unyevu. Dalili hiyo huwa naitilia shaka. Nauvuta, unatoka kirahisi mno, mizizi karibu yote imeliwa. Napekua udongo kwa vidole: funza weupe wa kidungadunga (mdudu jamii ya mbawakawa), wanene, wamejikunja, vichwa vya kahawia, hawana miguu. Wengi tu. Nawaweka kwenye kisahani pembeni, ndege watajua la kufanya. Udongo wote naumwaga gunia la taka, chungu nakisugua kwa maji ya moto na sabuni.

Mwenye nyumba anatokea na ndoo ya changarawe.
"Fundi, hizi tuweke chini, maji yapite vizuri."
"Hapana mama, zitatuharibia."
Watu wengi wanaamini hivyo, na hubishana kweli. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye changarawe. Hukwama juu yake hadi udongo ulowe chepechepe. Ukiweka changarawe, unapandisha tope hilo karibu na mizizi. Tundu lililo wazi na udongo mwepesi vinatosha. Vyungu ambavyo mimea yake ni mizima, naondoa sentimita 5 za juu na kuweka mboji mpya, basi.

Saa 7 mchana. Kula haraka, kunyoosha mgongo.

Saa 8. Kupogoa, sehemu ninayoipenda. Tawi likinitia wasiwasi nalikwaruza kwa ukucha: kijani chini ya gome, lipo hai, kahawia kavu, linakwenda. Waridi nalikata juu kidogo ya jicho (mahali chipukizi hutokea) linalotazama nje, kwa mshazari. Lavenda napunguza sehemu laini tu, maana shina kuukuu mara nyingi halichipui tena. Haidrenjia ya majani mapana naondoa maua makavu na kuiacha ilivyo. Maua yake ya mwaka huu yamo kwenye matawi ya mwaka jana, na mkasi wa pupa huyamaliza.

Saa 10 jioni. Mbegu. Njegere na saladi zinavumilia ubaridi, nazipanda leo.
"Na nyanya je, fundi?"
"Ndani kwanza, mama, dirishani penye mwanga."
Nyanya husiwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi la mwisho, yaani baridi ya kugandisha. Anakunja uso kidogo. Alitaka kuziona nje leo leo.

Saa 11. Magunia ya udongo mchafu yanashuka ngazi moja moja. Namwachia kitambaa chepesi cha kufunika vyungu usiku wa jalidi, na agizo moja: miche ya nyanya ikishakomaa na baridi ikiisha, aitoe nje mchana na kuirudisha ndani usiku kwa siku 7 hadi 10, akianza na kivulini.