Kura ya mvuvi aliye dago

Katika uchaguzi wa mwaka 2022, Lamu ndiyo iliyokuwa na wapiga kura wachache zaidi kati ya kaunti zote 47 za Kenya: watu 81,453 tu. Wako wanaoona uchache huo kuwa sababu ya kukata tamaa. Mimi naona kinyume, kwa kuwa mwaka 2017 kiti cha ugavana hapa kwetu kiliamuliwa kwa kura chache mno, ambazo wavuvi wa kijiji kimoja wangeweza kuzijaza.

Tatizo ni kwamba wavuvi hao hawakutwi. Usajili wa wingi, mwaka 2017 na tena mwaka 2022, ulifanyika Januari na kuingia Februari, yaani katikati ya kaskazi, wakati bahari ni tulivu na wanaume wengi wa Kizingitini, Faza na Kiunga wako dago, yaani kwenye kambi za muda za uvuvi, mbali na kwao. Ami yangu mmoja, ambaye kitambulisho chake hukaa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya uvuvi, aliniambia, "Mwanangu, wao huja tukiwa nje, nasi tukirudi wameshafunga mashine zao." Mtu kama huyu kumwita mvivu, kama nisikiavyo mara nyingi barazani, ni kumdhulumu.

Kikatiba usajili ni wa kudumu, na mtu anaweza kwenda ofisi ya Tume ya Uchaguzi katika eneobunge lake. Lakini kwa mkaazi wa Kiunga safari hiyo ina nauli ya boti na siku nzima ya kazi iliyopotea. Ndiyo maana ninaishauri Tume izipeleke mashine dagoni kwenyewe, kwa makubaliano na kamati za wavuvi.

Hata hivyo, anayejisajili dago afikirie atakuwa wapi siku ya kura. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, wakati wa kusi, bahari inapochafuka, na aliyejisajili Malindi kisha akarudi Pate hataivuka bahari hiyo kwa urahisi. Kuhamisha kituo kunawezekana, ila kufanywe mapema, kabla daftari halijafungwa. Vijana waliotimiza miaka 18 nao waanze na kitambulisho sasa, maana karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliwi kwenye usajili.