Tulivyoifundisha YZ kutembea

Hii ni ya 2019, kiangazi, Goma yote vumbi jeusi mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimenunua Yamaha YZ250 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na bei msiniulize juu mama yangu mpaka leo anajua nusu tu. Haina taa, haina plaki (namba), haina nafasi ya abiria, ni kitu cha mashindano kabisa, injini ya tustroki (mipigo miwili), silinda moja cc 249. Kwetu pikipiki tunaita moto, na hii ndiyo moto ya kwanza niliyoona inastahili hilo jina. Boxer ya 100 wanayoendesha motari wetu, yaani watu wa bodaboda, ina nguvu za farasi nane hivi, hii ilikuwa imepita 40, na mi nilikuwa nimejifunzia kwenye Boxer.

Siku ya nne nikaingia nayo kwenye zile njia za ndani za mtaa wa Virunga ambako mawe ya lava ya 2002 bado yanatokeza kama meno ya mbwa. Naachia ambreaji (klachi), inazima. Napiga kiki, inazima tena. Mara ya tatu nikasema basi, nikafungua gesi zaidi, ikaguguma bwo bwo bwo kama mtu amekabwa na ugali, halafu kwa mara moja ikasafisha koo na ikaruka, tairi la mbele juu, na mi nimening'inia nyuma kama nguo kwenye kamba. Mbele yangu kulikuwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imebeba makala (makaa) magunia matano. Mwenyewe aliruka, chukudu ikalala, magunia mawili yakapasuka. Akanitukana kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kinande, akamalizia kwa Kifaransa, na mi nikalipa magunia yote mawili bila kubishana juu alikuwa na haki.

Kuna motari jirani akanishauri niweke joenti (gasketi) mbili chini ya silinda, eti kompresheni, ule mgandamizo wa ndani, itashuka na moto itapoa. Nikaenda na hilo wazo kwa mzee mmoja fundi wa mtaa wa Majengo, mtu aliyetengeneza pikipiki za Yamaha AG100 za mapadri na za watu wa chanjo miaka na miaka, yaani tustroki anazijua kwa harufu. Akacheka mpaka akakaa.

“Ukiinua silinda, na matundu yake yote inapanda. Nguvu itakimbilia mizunguko ya juu zaidi. Wee unataka ishuke ao ipande?”

“Ishuke, papa.”

“Njo uache mambo ya barabarani.”

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa bugi (plagi). Nyeusi, imelowa. Akaniuliza hii moto imetoka wapi, nikamwambia sijui, Ulaya. Akaonyesha kidole Nyiragongo, volkano yetu. Alimaanisha kwamba Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na karbureta bado ilikuwa inamimina esanse (petroli) ya watu wanaoishi chini kando ya bahari. Kwa hiyo mizunguko ikiwa ya chini injini inalewa, inakohoa, na ukilazimisha gesi mizunguko inapanda, ule ulevi unaisha ghafla na nguvu zote zinakuja pamoja. “Iyi moto haina ubaya, mutoto wangu, iko na njaa ya upepo tu.” Akashusha sindano ya karbureta kijino kimoja, akatafuta jikleri (kile kitundu cha kupitishia esanse) ndogo zaidi kwenye kopo lake la maziwa lililojaa vyuma, na hiyo peke yake, nawaambia kweli, ilitoa karibu nusu ya wazimu. Nusu ya shida yangu ilikuwa bure!

Halafu akaja kwa lile valvu la kwenye tundu la moshi. Kama hamjui, YZ ina kifuniko pale, mizunguko ikiwa ya chini kinaziba sehemu ya juu ya tundu, ikipanda kinafunguka, na hapo ndipo teke linatokea. Kinasukumwa na vigololi vinavyotawanyika injini ikizunguka, na springi ndiyo inavizuia. Mzee akaongeza rondela (washa) moja nyembamba kwenye springi, ili kifuniko kichelewe kidogo kufunguka na kisifunguke kwa hasira. Kurone ya nyuma, lile gurudumu la meno la cheni, tukatoa ya meno 50 tukaweka ya 48, dakika ishirini, hakuna cha kusimulia.

Kazi yenyewe ilikuwa volani, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Moto ya mashindano ina volani nyepesi ili ipande mbio, lakini kinachopanda mbio kinashuka mbio, ukigonga jiwe tu inazima. Inatakiwa uzito. Goma uzito wa volani hauuzwi, basi tukaenda kwa turneri, fundi wa kuchonga vyuma, upande wa Birere akakata pete kwenye ekse (mhimili wa magurudumu) ya zamani ya lori. Mzee alitaka gramu 300 hivi. Tukapima kwenye mizani ya mama anayeuza sukari pale jirani: 420. Tukarudi. 360. Tukarudi tena, mama wa sukari akaanza kuuliza tunauza nini. Ya tatu ikawa 310, mzee akasema inatosha, kumi ni za shetani. Pete ndiyo ilichemshwa kwenye makala, volani ikabaki baridi juu sumaku ikipata joto nyingi inachoka, ikavalishwa, ikapigwa skrubu tatu. Kufunga kifuniko, krrrr, inasugua. Mzee akachana katoni ya sabuni akakata joenti ya pili ya kifuniko, ikanyamaza.

Hii ya pete msiige jamani. Leo najua ile kitu ikipasuka kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika inapita kwenye kifuniko na kuingia mguuni, ningengoja tu niagize ya kiwandani.

Jioni nikaijaribu. Mita hamsini za kwanza nikakasirika kimoyomoyo, nikaona mzee ameniulia moto, lile teke halipo, inapanda polepole kama mtu mzima anapanda ngazi. Nikarudi nimenuna. Mzee hakuniuliza kitu, akaangalia barabarani, kulikuwa na chukudu tupu inaenda upande wa Munigi, kijana amepiga goti juu yake anasukuma kwa mguu mmoja.

“Mufuate. Usimupite. Na ukigusa ambreaji, usirudi hapa.”

Nikamfuata. Vitesi (gia) ya kwanza, gesi kidogo kama unashika yai, juu ya mawe yale yale, na injini inahesabu tu, tak tak tak, haikohoi, hairuki. Kwenye kona ya pili nilitamani ambreaji, nikaiacha. Kijana akageuka mara moja, akageuka mara mbili, mwisho akasimamisha chukudu kando.

“Grand, pita basi!”

“Sipiti.”

“Sasa unanifuata mpaka wapi?”

Sikuwa na jibu, nikamwambia aendelee tu.